Kipimo cha Kiu

Furungu la mguu wa kushoto, bawaba imekatika,
la shangazi Mwanamize, mshenga wa Shella, Malindi:
ndoa thelathini na mbili, kila moja fundo kwenye leso kuukuu,
na ya kwake hakuna.
"Chukua," alisema. "La kulia nimelizoea. Hili linanichoma."

Nililiyeyusha Jumamosi, maabara haina watoto
ila Kahaso wa kidato cha nne, apendaye kunusa asichoambiwa.
Asidi ikafuka moshi wa rangi ya kutu. Tukafungua madirisha.
Maji yakawa samawati: shaba imo, sonara wa zamani aliiba.
Nikainasa fedha kwa chumvi, nikaiosha, nikairudisha kuwa fedha,
nikaiyeyusha tena hadi maji yakakosa rangi
na vidole vyangu vikapata weusi wa piko
ya harusi isiyokuwa yangu.

Sasa fedha itakaa wapi?
Metali tupu ni bonge: uso mdogo, tumbo kubwa.
Inataka nyumba yenye vyumba vingi.
Kwanza nilijaribu makaa ya vifuu. Tanuri ikapanda,
fedha ikayawasha makaa yaliyoibeba,
asubuhi nikakuta jivu, na shanga moja inang'aa
kama jicho la mgeni aliyemla mwenyeji wake.

Ndipo nikaazima jiwe bafuni kwa shangazi,
la kusugulia visigino, lile jepesi lieleao ndooni.
Kinu, kisha chekeche ya unga, kisha joto la kulikausha
mpaka lisahau maji.

"Mimina tu," akasema Kahaso, "kama kuloweka mchele."
Wapo walowekao na kuchuja. Wapo wadondoshao magadi
ili metali ijitenge na maji, ishuke, ishike jiwe.
Ni njia za wenye fedha ya kumwaga. Mimi nina furungu moja.

Kwa hiyo tulipima kiu.
Tone, koroga. Tone, koroga.
Punje zinakunywa, na bado zinamiminika kama mchanga mkavu.
Tone la mia na thelathini zikashikana, zikang'aa:
hapo. Hapo ndipo jiwe liliposema basi.
Kiasi hichohicho cha maji ya fedha nikazinywesha punje nyingine, kavu,
si tone zaidi; kinachobaki nje ya vijishimo
hugandia bakuli, na bakuli halina kazi nacho.

Kukausha ni adabu. Ukiharakisha, maji hutoka mbio
na kuiburura fedha hadi mlangoni.
Kisha tanuri, digrii tano kila dakika.
Kwenye mia tatu umeme ukakatika.
Tulirudi Jumatatu, tukaanza chini tena, polepole,
kwa sababu chembe za fedha zikipata joto la ghafla
hutafutana, hukumbatiana, huwa bonge.
Ajabu: ili kumtengeneza mshenga,
kazi yote ni kuzizuia zisioane.

Alhamisi shangazi alikuja, mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi.
Nikazimwagia punje dawa ya vidonda, ile itoayo povu.
Ikachemka bila moto, povu likapanda hadi shingo ya chupa.
Nikazisuuza, nikamimina nyingine. Ikachemka vilevile.
Mara ya saba Kahaso akazikausha, akazipima: hazijapungua.

"Kwa hiyo inawaozesha?"
"Hapana, shangazi. Inawaachanisha. Maji huku, oksijeni kule."
Alicheka mpaka akashika meza.
"Miaka arobaini nafunga, wewe umenifanya wa talaka!"
Kisha akainama, akalitazama povu kwa karibu sana,
akauliza taratibu
kama jiwe lake la miguu atarudishiwa.